Susafoni za Kimarekani za Zamani: Tupime Kabla ya Kushangilia

Hotuba kwa viongozi na wapulizaji wa vikundi vya tarumbeta

Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti, walimu wa nota, wazee wa vikundi, na ninyi vijana mliokaa nyuma na vyombo mapajani. Nimeombwa nizungumzie susafoni, na sababu tunaijua sote. Sharika rafiki za Marekani zinapotufungashia kontena, mara nyingine huwamo besi moja kubwa ya kuvaa mwilini, na baadhi ya besi hizo zina umri wa kuwapita wazee waliokaa mstari huu wa mbele. Mnisamehe, wazee. Kontena likifunguliwa watu huuliza swali moja tu: ni kubwa? Ikiwa kubwa, vigelegele. Ikiwa ndogo, inasukumwa stoo pamoja na viti vibovu.

Ninachoomba leo ni kwamba swali hilo tuligawe. Tuulize urefu wa bomba. Tuulize unene wa bomba. Halafu ndipo tuulize upana wa mdomo, yaani pale mbele sauti inapotokea. Ni mambo matatu tofauti, na viwanda vya Marekani vya miaka ya 1900 hadi 1940 viliyachanganya kila kimoja kwa namna yake. Anayetazama mdomo peke yake anatazama lile ambalo kiwanda kilitaka alitazame.

Tuanze na asili yake kidogo. John Philip Sousa aliongoza Bendi ya Wanamaji wa Marekani tangu 1880 hadi 1892, kisha akaunda bendi yake mwenyewe ya kuzunguka miji na nchi. Besi ya kutembea nayo enzi hizo ilikuwa helikoni, bomba lililozungushwa likavaliwa begani, na mdomo wake haukuwa mkubwa. Sousa hakuipenda. Sauti yake ilimpiga usoni aliyesimama upande ule mdomo ulikoelekea, wengine wakabaki na makombo. Yeye alitaka besi inayopanda juu kisha iifunike bendi nzima. Mwaka 1893 J. W. Pepper wa Philadelphia akatengeneza chombo chenye mdomo mpana kuliko ule wa helikoni, umeelekea juu kabisa. Mwaka 1898 C. G. Conn wa mji wa Elkhart, Indiana, naye akatoa cha kwake, na mpulizaji Herman Conrad akakivaa katika bendi ya Sousa. Viwanda vyote viwili vilidai heshima ya kuwa vya kwanza. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe.

Mdomo ule wa kuelekea mbinguni Wamarekani waliutania wakauita kikinga mvua. Mwaka 1908 Conn wakaanza kuuza susafoni yenye mdomo wa mbele, kama hizi tunazozijua sisi. Sousa mwenyewe alikaa na ile ya juu kwa muda mrefu. Hakuwa mkaidi, alikuwa na sikio, na nitawaeleza baadaye kwa nini.

Sasa, hizi mbili hapa mezani. Bwana mdogo, hebu nisaidie kuigeuza hii. Taratibu, ina kilo zaidi ya kumi na tano.

Hii kubwa ni Conn, na hapa karibu na vali pamegongwa 20K. Herufi hiyo ina maana. Conn walipanga vyombo vyao kwa herufi: A ni koneti, B ni tarumbeta, H ni tromboni, J ni tuba, M ni saksafoni, na K ni susafoni. Kwa hiyo mkiona namba imefuatwa na K, hata kama nakshi ya mdomoni imefutika kwa kusuguliwa na brasso ya miaka sitini, mnajua mmeshika nini. Itazameni na vali zake. Pistoni ni nene na fupi, kidole kinashuka safari fupi kuliko kwenye tuba za kawaida. Conn waliziweka ili mpulizaji anayetembea asihangaike. Uzuri wake mnauona, lakini zikilika ukutani pumzi inavuja, na kuzirudisha hali yake si kazi ya kila fundi. Kabla hamjashukuru, ng'oeni mrija wa vali moja bila kuibonyeza: mkisikia mlipuko mdogo, vali bado inabana.

Hii ya pili ni ndogo kwa kila jicho. Mdomo mdogo, mzunguko mdogo, na mtoto wa darasa la saba anaivaa bila kusaidiwa. Nilipoiingiza hapa asubuhi nilisikia mtu nyuma akisema, hii ni ya watoto. Ameikosea kidogo, na hapo ndipo lilipo jambo la kwanza.

Urefu. Susafoni huitwa kwa noti yake ya msingi. Ya BB flati, ukiinyoosha bomba lake lote, ni kama futi 18, yaani mita tano na nusu. Ya E flati ni kama futi 13, mita nne. Urefu ndio unaoamua sauti ya msingi, na hakuna upana wa mdomo unaoweza kuubadilisha. Ukipuliza bila kubonyeza vali, noti za E flati ziko juu ya zile za BB flati kwa hatua ya nne, ukihesabu do, re, mi, fa. Pale ambapo ndugu yake anasema do, yeye anasema fa. Hii ndogo hapa ni E flati. Kwa hiyo si ya watoto wala ya wakubwa, ni chombo kingine, kama ilivyo kwa tarumbeta na koneti ya E flati.

Kwa nini Wamarekani walitengeneza E flati nyingi namna hiyo? Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza bendi za kitaalamu zilizokuwa zikizunguka nchi zilianza kupungua. Redio ilikuwa inaingia, sinema inaingia. Wenye viwanda wakahitaji wateja wapya, wakawapata shuleni. Mwaka 1923 yalifanyika Chicago mashindano ya kwanza ya kitaifa ya bendi za shule, na viwanda vya ala vilikuwa nyuma ya jambo hilo kwa fedha na kwa matangazo. Mtoto wa shule hawezi kuvaa besi ya mtu mzima, kwa hiyo E flati zikauzwa kwa wingi. Baadaye shule zenyewe zikahamia BB flati, na zile E flati zikabaki kwenye makabati ya shule na vyumba vya chini vya makanisa. Leo Marekani hazina soko kubwa. Ndiyo maana zinatufikia sisi.

Hapa tuna bahati ambayo wao hawana. Vikundi vilivyokulia katika mapokeo ya Kiingereza, ya Jeshi la Wokovu na bendi za shaba, vinazijua besi za E flati tangu zamani. Zina sehemu yao iliyoandikwa, kwa ufunguo wa juu, na mpulizaji wa koneti anaweza kuhamia besi bila kujifunza upya kusoma. Vikundi vya mapokeo ya Kijerumani vinasoma nota kama inavyosikika, kwa ufunguo wa besi, kwa hiyo itabidi mwalimu akae na kijana wake wajifunze vidole vipya. Ni kazi, lakini haichukui mwaka.

Unene ni jambo la pili, na hili ndilo wanalolificha wauzaji. Kipenyo cha bomba kwenye vali za hii 20K ni inchi 0.734, kama milimita 18.6. Susafoni maarufu ya King, iliyotoka kwa kampuni ya H. N. White ya Cleveland, ina inchi 0.687, kama milimita 17.4. Tofauti ni milimita moja na kidogo. Sasa sikilizeni: zote mbili zina mdomo wa takriban inchi 26. Ukizisimamisha mbali utasema ni saizi moja. Ukizipuliza, hutasema hivyo tena. Conn inameza pumzi, inatoa sauti pana inayotanda. King inakaza kidogo, noti inaanza kwa ukali zaidi na kijana mwenye mapafu ya kawaida anamaliza beti bila kuona nyota. Mimi binafsi kwa barabarani napenda King, na najua hapa wapo watakaonizomea.

Kipenyo cha vali peke yake hakitoshi pia. Bomba la susafoni linapanuka kidogo kidogo tangu kwenye vali hadi mdomoni, na kasi ya kupanuka huko ndiyo inayoleta tabia ya chombo. Ndiyo maana fundi akija kupima hapimi mdomo kwanza. Anazungusha futi kamba hapa, kwenye duara kubwa la nje linalokaa ubavuni, halafu hapa juu mdomo unapoingizwa. Susafoni mbili za mdomo mmoja zinaweza kupishana sana sehemu hizi, na ile nene ndiyo kubwa kweli.

Nimesema mdomo ndio jambo la tatu, na kwa makusudi nimeuweka mwisho. Tufanye hesabu kidogo, walimu wa fizikia watanisahihisha. Noti ya BB flati iliyo wazi, ile mnayoanzia mazoezi, ina mitetemo kama 58 kwa sekunde. Wimbi lake hewani lina urefu wa karibu mita sita. Mdomo wa inchi 26 una sentimita 66. Wimbi la mita sita halijali mdomo wa sentimita 66 umeelekea wapi. Linasambaa pande zote, nyuma ya mpulizaji pia. Ila zile sauti ndogo ndogo za juu zinazoongozana na noti, hasa zinazozidi mitetemo kama 500, ndizo zinazofuata uelekeo wa mdomo. Hizo ndizo zinazofanya besi isikike ikitamka.

Ukielewa hilo, unamwelewa Sousa. Alipoutuma mdomo juu, besi yenyewe haikupungua, ila ule ukali wa juu ulikwenda hewani badala ya kumpiga msikilizaji wa mstari wa kwanza. Bendi yake ilikuwa ya jukwaani hasa. Haikutembea barabarani ila mara chache. Mdomo wa mbele ulifaa zaidi kwa wale wanaotembea, ambao wanahitaji mdundo wao usikike mbele ya kelele za mtaa. Na anayewaambia kwamba mdomo wa inchi 28 una besi zaidi kuliko wa inchi 26 mwambieni alete vyombo viwili vinavyolingana kila kitu kingine. Hataweza, kwa sababu waliotengeneza mdomo mkubwa kwa kawaida waliunenepesha na mwili.

Hapo tunafika kwenye majina, na naomba tucheke kidogo. King walikuwa na Giant na Jumbo. Conn wakawa na Grand Jumbo. Holton, waliotoka Chicago wakahamia Elkhorn, Wisconsin, mwaka 1918, wao walikuwa na Mammoth. York wa Grand Rapids, Michigan, walikuwa na Monster. Jitu, tembo, tembo mkuu, tembo wa kale mwenye manyoya, zimwi! Hakuna kiwanda kilichothubutu kuuza Wastani. Na York Monster ya E flati bado ina futi zake 13, jina lisiwatishe. Hata ile desturi ya kuandika EE flati kwa herufi mbili ilikuwa njia ya kusema ni E flati nene. Haishuki oktava nyingine.

Lakini majina yale hayakuwa upuuzi mtupu, na nisingependa mwondoke mkidhani hivyo. Enzi zile hakuna kipaza sauti cha maana. Bendi ya mji inapiga bustanini, watu elfu wamekaa kwenye nyasi, na besi tatu au nne lazima zishike sakafu ya muziki wote. Chombo kinene kilikuwa na kazi. Vilevile kilikuwa pambo: midomo iliyopakwa fedha, ndani imepakwa dhahabu, nakshi za maua zilizochorwa kwa mkono, zimepangwa nyuma ya bendi kama safu ya jua. Kwenye picha za miaka ya 1920 jicho linakwenda huko kwanza. Wenye viwanda walilijua hilo, na mji uliokuwa na susafoni nne ulitaka mji wa jirani uzione.

Yaliyowaangusha majitu hayo yalikuja kwa mfuatano. Kurekodi kwa umeme kulianza 1925, na besi ya nyuzi, ambayo vifaa vya zamani havikuinasa vizuri, ikaanza kusikika kwenye sahani. Wapulizaji wengi wa tuba kwenye bendi za jazi wakajifunza besi ya nyuzi ili wasikose kazi. Ukaja mdororo wa uchumi wa 1929. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, serikali ikazuia utengenezaji wa ala za shaba, na Conn wakawa wanatengeneza dira na vipimo vya mwinuko vya ndege. Baada ya vita wateja wakubwa walikuwa shule, na shule zinataka chombo cha kati kisichovunjika. Miaka ya 1960 ikaja susafoni ya faibaglasi, nyeupe, nyepesi. Sauti yake ni nyembamba, nasema wazi, lakini mgongo wa kijana wa miaka kumi na minne unashukuru.

Chombo chenyewe hakikufa. Chuo Kikuu cha Ohio State bendi yao huandika neno Ohio kwa miili ya wapulizaji uwanjani tangu 1936, na anayekwenda kuweka nukta juu ya i ni mpulizaji wa susafoni, heshima ambayo watu huisubiri kwa miaka. Bendi za vyuo vya Wamarekani Weusi, kama Jackson State na Southern University, huzipeperusha susafoni kushoto na kulia kwa pamoja kama zinacheza zenyewe. New Orleans, tangu Dirty Dozen Brass Band ilipoanza mwaka 1977, susafoni inapiga besi ya kucheza, siyo um-pa um-pa ya gwaride. Na huko California, muziki wa banda wa Wamexiko uliifanya itamaniwe kiasi kwamba kuanzia 2011 wezi walikuwa wakivunja vyumba vya muziki vya shule eneo la Los Angeles na kubeba susafoni, wakiacha vyombo vingine vyote. Mwizi anajua soko.

Turudi kwenye kontena. Kabla hamjaandika barua ya shukrani, au vizuri zaidi kabla mzigo haujapakiwa, ombeni picha za karibu na mtazame mambo haya.

Tafuteni herufi zilizogongwa karibu na vali: L au LP, H au HP. Vyombo vya kabla ya miaka ya 1920 vilitengenezwa kwa viwango viwili vya sauti. LP ni kile cha kawaida tunachotumia, A ya mitetemo 440. HP ni cha juu, A ya 452 hadi 457. Hiyo ni karibu nusu ya semitoni, au zaidi. Hakuna maskio yatakayoivumilia kando ya kinanda cha kanisa. Mtu atawaambia, vuteni tu mrija wa kurekebishia. Kwenye BB flati mtahitaji kuongeza kama sentimita 20 za bomba, na bado mirija ya vali zote tatu itakuwa mifupi, kwa hiyo noti zilizo wazi zitakaa sawa, lakini zilizobonyezwa zitapanda. Bendi za shaba za Uingereza zilitumia kiwango cha juu hadi miaka ya 1960, kwa hiyo tatizo hili si la Wamarekani peke yao. HP ni ya kutundika ukutani.

Halafu tazameni shingo na vile vipande viwili vidogo vya kona vinavyounganisha shingo na kipulizio. Ndivyo vinavyopotea kuliko kitu kingine chochote. Bila hivyo kipulizio hakifiki kinywani mwa mpulizaji, na shingo ya King haikai vizuri kwenye Conn. Kadhalika mdomo mkubwa unaofungwa kwa skrubu: kila kiwanda kilikuwa na kola ya kipimo chake. Nimeona mdomo wa kiwanda kimoja umelehemiwa kwenye mwili wa kingine, na aliyefanya hivyo alikuwa fundi hodari, ila sauti ilikuwa imechanganyikiwa.

Mibonyeo isiwatishe. Mbonyeo kwenye mdomo ni aibu ya macho tu. Mbonyeo karibu na kipulizio, pale bomba ni jembamba, ndio wa kuogopa, kwa kuwa huko kipenyo kikibanwa hata kidogo noti inayumba. Viraka vya kulehemu pia si kitu, mradi fundi alitumia moto kidogo. Nyekundu nyekundu zilizotapakaa kwenye shaba, hasa kwenye mrija wa shingo, hizo ndizo mbaya: zinki imeliwa, na kidole kikikandamiza bomba linatoboka.

Mzee mmoja aliniuliza nje wakati wa chai: kati ya hizi mbili, kikundi chake kichukue ipi? Nimemuuliza vijana wake wana umri gani, na wanatembea au wanakaa. Wanatembea, akasema, kutoka kanisani hadi makaburini na kurudi, na mpulizaji wake wa besi ni binti wa kidato cha kwanza. Basi mzee wangu, mimi ningemchukulia binti ile E flati, nikamwandikia sehemu yake upya, na hii 20K nikaiacha hapa kwa kikundi kinachopiga kimekaa. Umbali ule, kwa jua lile, 20K ingemrudisha nyumbani kwa bodaboda.

Mwenyekiti, nimemaliza. Futi kamba iko hapa mezani, na vyombo mlivyokuja navyo tunaweza kuvipima sasa kabla ya chakula.